Pembe za ndovu haziogelei: kwa nini vita dhidi ya ujangili vinapitia bandarini kwetu

Kila zinapotoka habari za pembe za ndovu kukamatwa, barazani husikika jibu lilelile: hayo ni mambo ya Tsavo, ya KWS na ya wazungu wanaopenda wanyama. Sisi watu wa Pwani tuna bahari, tuna samaki, tuna minazi. Ndovu tunamwona kwenye runinga. Hata jina lake hatulitumii sawa na wenzetu: wa bara wakisema tembo, kwetu tembo ni la mgema.

Jibu hilo lina kasoro moja. Pembe za ndovu haziogelei. Ndovu akiuawa Tsavo, au Selous kule Tanzania, au katika misitu ya Congo, pembe zake hazina bei kubwa pale alipoangukia. Bei hupanda zikifika Asia, na njia ya kuzifikisha Asia kwa tani ni meli. Katika miaka ambayo ujangili ulipamba moto, tangu 2009 hivi hadi 2015, bandari ya Mombasa ilitajwa tena na tena kuwa lango kuu la kutoroshea pembe kutoka Afrika.

Makala haya yanaeleza biashara hiyo ilivyoendeshwa, nini kimefanywa kuizuia, wapi tumefaulu na wapi kesi zimetuponyoka, na kwa nini mkaazi wa Changamwe, Likoni au Kwale anahusika hata kama hajawahi kushika pembe mkononi.

Biashara ya mababu

Tusijifanye wageni wa jambo hili. Pembe zilikuwa bidhaa ya Pwani kabla ya karafuu, kabla ya reli, kabla ya watalii. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha takriban karne ya kwanza, kinataja pembe zikitoka Rhapta katika pwani hii. Katika karne ya 10 msafiri wa Kiarabu al-Masudi aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Ukizuru makumbusho ya Lamu utaona siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe, ambayo ilikuwa alama ya enzi ya utawala wa mji ule. Lugha yenyewe imeweka kumbukumbu: wafanyabiashara wa zamani walikuwa na neno *buri* kwa pembe kubwa na *kalasha* kwa pembe ndogo.

Kila jamii ilikuwa na nafasi yake. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda kwa pinde zao nzito na mishale ya sumu. Wagiriama na Wakamba walizileta pembe kuelekea pwani. Wenye mitaji wa Mombasa na Unguja waligharamia misafara. Katika karne ya 19 Tippu Tip, jina lake hasa Hamed bin Muhammed el Murjebi, alijenga himaya kubwa ndani ya Congo kwa ajili ya pembe, na utajiri huo ulikwenda sambamba na kuwatumikisha na kuwauza watu. Pembe nyingi za Unguja zilivuka bahari hadi jimbo la Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibao vya vinanda.

Kwa hiyo anayesema "wazee wetu walifanya biashara hii" hasemi uongo. Lakini wazee waliikuta nchi yenye ndovu wasiohesabika, na haikuwa haramu kwa sheria ya wakati wao. Leo ndovu wanahesabika, tena wanahesabiwa kwa ndege.

Walivyopungua

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 hivi. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Yaani katika kila ndovu kumi, tisa walikwenda ndani ya muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi na sekondari. Tsavo peke yake, iliyokuwa na makumi ya maelfu, ilibaki na kama 6,000 mwaka 1988. Ukame mkali wa 1970 na 1971 uliua maelfu, lakini kazi kubwa iliyofuata ilifanywa na bunduki.

Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya vitu vinavyotokana na wanyamapori. Marufuku hiyo ilibaki karatasini kwa miaka kumi, kwa sababu soko la nje lilikuwa wazi na maafisa wengine walikuwa ndani ya mchezo. Mabadiliko yalikuja 1989. Tarehe 18 Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Oktoba, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikutana Lausanne, Uswisi, zikapiga kura kufunga biashara ya kimataifa ya pembe. Marufuku ilianza kutumika Januari 1990. Bei ikaporomoka, na ndovu wa Kenya wakaanza kuongezeka polepole.

Kisha mlango ukafunguliwa kidogo. Mwaka 1999 nchi za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuiuzia Japani kama tani 50. Mwaka 2008 ziliruhusiwa tena, safari hii zaidi ya tani 100, kwa Japani na China. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: Botswana ina ndovu zaidi ya laki moja, na wananchi wake huuliza kwa nini wazuiwe kuuza mali yao. Lakini soko halali likifunguliwa, pembe haramu hupata mahali pa kujificha. Mchongaji aliyeko mbali hawezi kujua pembe iliyo mezani pake ni ya ndovu aliyekufa kwa uzee Namibia au aliyepigwa risasi Tsavo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa kosa lile, lakini miaka iliyofuata ndiyo iliyotuumiza.

Tanzania, jirani yetu, ilikuwa na ndovu kama 109,000 mwaka 2009. Kufikia 2014 walibaki kama 43,000. Sensa kubwa ya bara zima iliyotangazwa 2016 ilionyesha kuwa ndovu wa nyika walipungua kwa asilimia 30 kati ya 2007 na 2014. Hapa Kenya, KWS ilihesabu ndovu 384 waliouawa na majangili mwaka 2012 pekee. Mei 2014 Satao, dume maarufu wa Tsavo Mashariki ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, alikutwa amekufa kwa mshale wa sumu, uso wake umekatwakatwa. Hukatwakatwa kwa sababu theluthi moja ya pembe imezama ndani ya fuvu, na anayeitaka yote hana budi kuuchimba uso.

Safari ya kontena

Jangili wa porini ndiye anayehatarisha maisha, na ndiye anayelipwa kidogo zaidi. Pembe humtoka mkononi ikaenda kwa mnunuzi wa kijijini, kutoka hapo kwa mkusanyaji wa mjini, kisha kwa mwenye godauni. Zikifika tani mbili au tatu, kazi inakuwa ya watu wa karatasi.

Tukifuata rekodi za mizigo iliyokamatwa, mbinu zinafanana. Kunafunguliwa kampuni yenye jina zuri ambayo ofisi yake haijulikani. Au kunatumiwa jina na namba ya ushuru ya mtu mwingine, pengine bila yeye kujua, pengine kwa kulipwa ahsante. Hununuliwa bidhaa halali na ya bei nafuu ya kufunika mzigo. Pembe zimewahi kupatikana chini ya ufuta, njugu, samaki wakavu, mbao na mawe ya mapambo. Kontena likifungwa na kutiwa sili, hati husema ni ufuta, na mwenye kuchunguza anaona hati. Meli nayo haiendi moja kwa moja. Mzigo hupitishwa bandari moja, mbili au tatu, na njiani hati hubadilishwa ili mwisho wa safari isijulikane ulianzia wapi.

Mfano unaopaswa kutuuma ni ule wa chai. Mombasa ina mnada mkubwa wa chai, na kuna familia nyingi hapa zinazokula kwa kupakia, kuhifadhi na kusafirisha majani hayo. Aprili 2015 maafisa wa Thailand walifungua makontena ya chai yaliyotoka Mombasa wakakuta zaidi ya tani 3 za pembe. Mwezi uliofuata Singapore nayo ikafungua makontena ya chai kutoka Kenya yaliyokuwa yakielekea Vietnam, ikatoa pembe tani 3.7 pamoja na pembe za kifaru. Fikiria mnunuzi wa ng'ambo anayesoma habari hiyo. Kontena letu la chai safi litakaguliwa mara ngapi baada ya hapo? Litakaa bandarini siku ngapi, na gharama za kukaa atalipa nani? Mhalifu mmoja huchafua jina la maelfu wasiomjua.

Kinyesi kilichofichua siri

Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kujua pembe zilizokamatwa zilitoka wapi. Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alipata njia. Yeye na wenzake walikusanya kinyesi cha ndovu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakasoma vinasaba vyake, wakatengeneza ramani. Pembe ikikamatwa, kipande kidogo hukatwa, vinasaba husomwa, na ramani huonyesha ndovu yule aliishi wapi.

Matokeo yao ya 2015 yalionyesha kuwa pembe nyingi katika mizigo mikubwa zilitoka sehemu mbili tu: kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kwa ndovu wa nyika, na eneo la mpakani kati ya Gabon, Congo na Cameroon kwa ndovu wa msituni. Maana yake ni kwamba pembe nyingi zilizopita hapa hazikuwa za ndovu wa Kenya. Zilikuwa wageni waliopitishwa kwetu, kwa sababu kwetu palikuwa na njia.

Mwaka 2018 walitoa jambo zito zaidi. Ndovu ana pembe mbili, na wenye biashara walikuwa wakizitenganisha bila kujali: moja katika kontena hili, mwenzake katika kontena jingine miezi kadhaa baadaye. Watafiti walipolinganisha vinasaba walikuta pembe za ndovu mmoja katika mizigo miwili tofauti iliyotoka bandari ileile. Waliofikiriwa kuwa wahalifu wengi tofauti wakaonekana ni mitandao michache. Utafiti ulitaja vituo vitatu vya mitandao hiyo mikubwa kati ya 2011 na 2014: Lomé nchini Togo, Entebbe nchini Uganda, na Mombasa.

Sheria ina meno, kesi hazina

Kabla ya 2014 kukamatwa na pembe ilikuwa gharama ya biashara tu. Mtu alitozwa faini ya maelfu machache, akalipa siku hiyohiyo na kwenda zake. Shirika la WildlifeDirect lilipopitia faili za mahakama za kati ya 2008 na 2013, liligundua kuwa ni asilimia 4 tu ya waliopatikana na hatia za wanyamapori waliokwenda jela.

Sheria mpya ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2013 ilianza kutumika Januari 2014. Kwa wanyama walio hatarini kama ndovu na kifaru, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Mwezi huohuo raia mmoja wa China aliyekamatwa Nairobi na pembe ya kilo 3.4 akaambiwa alipe milioni 20 au akae jela miaka 7. Habari ikasambaa: mambo yamebadilika.

Yalibadilika kwa wadogo. Kwa wakubwa, hadithi ni nyingine. Juni 2014 polisi walivamia yadi moja mjini Mombasa wakakuta zaidi ya tani 2 za pembe. Mfanyabiashara mmoja wa hapa alisakwa na Interpol, akakamatwa Dar es Salaam Desemba mwaka huo. Julai 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Dunia nzima iliisifu Kenya. Agosti 2018 Mahakama Kuu ilisikiliza rufaa yake ikamwachilia, kwa kuona kwamba ushahidi haukutosha kumfunga yeye na zile pembe. Mahakama imesema, na mtu huyo ni huru mbele ya sheria. Swali linalobaki si lake, ni letu: tani 2 za pembe zilikuwa za nani? Haziwezi kuwa zilijipeleka yadini.

Hapa ndipo penye ugonjwa. Anayekamatwa mara nyingi ni dereva, mlinzi wa geti, kuli au wakala mdogo wa forodha aliyetia sahihi. Hao ndio walio karibu na mzigo. Mwenye mali hakaribii. Ili kumfikia lazima ufuate pesa: nani alilipa kodi ya godauni, nani alinunua ufuta, simu zilipigwa wapi, akaunti gani ilipokea dola. Kazi hiyo inataka wapelelezi, waendesha mashtaka, KRA, KPA na KWS wafanye kazi kama mkono mmoja, na vielelezo vihifadhiwe tangu saa ya kwanza.

Kwamba inawezekana, tumeona. Raia wa Liberia aliyekuwa akiishi Uganda na wenzake, wakiwemo Wakenya, walishtakiwa mjini New York kwa njama ya kusafirisha pembe za kifaru na zaidi ya tani 10 za pembe za ndovu. Mizigo mingine ilifichwa ndani ya vinyago. Mmoja wa Wakenya hao alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Mombasa mwaka 2020 akitokea Yemen, akapelekwa Marekani. Raia yule wa Liberia alikiri, na Agosti 2022 alihukumiwa miezi 63. Kilichofanya kesi ile isimame ni subira: mawasiliano yalifuatiliwa, malipo yakafuatiliwa, mizigo ikafuatiliwa kutoka mkono hadi mkono. Inasikitisha kwamba mtu aliyefanyia uhalifu Afrika Mashariki alihukumiwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Kwa nini zisiuzwe zikajenga shule?

Hili huulizwa kila moshi unapopanda. Mwaka 2011 Rais Mwai Kibaki alichoma kama tani 5 pale Manyani, kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105, nyingi kuliko zote zilizowahi kuchomwa duniani. Mtu ambaye mtoto wake anasomea chini ya mwembe ana haki ya kuuliza.

Jibu ni kwamba hazina mnunuzi halali. CITES imefunga biashara, kwa hiyo ukitaka kuziuza ni lazima uuze kwa magendo au ungoje ruhusa isiyojulikana itakuja lini. Wakati unangoja, ghala la pembe linahitaji ulinzi wa mchana na usiku, na kila mwaka ni kishawishi kwa mwenye ufunguo. Aidha, kila anayesikia serikali imeweka akiba hukisia kwamba siku moja soko litafunguliwa, naye anaweka akiba yake.

Na soko ndilo lililobadilika kuliko kitu chochote. Kwa Kichina pembe huitwa "jino la ndovu", na wanunuzi wengi walidhani hung'oka yenyewe kama jino la mtoto. Mcheza mpira wa kikapu Yao Ming alizuru Kenya, akaona mizoga, akarudi kuwaeleza watu wake. Watafiti wa Save the Elephants walikuta bei ya kilo moja nchini China imeshuka kutoka dola 2,100 mwaka 2014 hadi 730 mwanzoni mwa 2017. Mwisho wa 2017 China ilifunga soko lake la ndani. Hong Kong ilifuata hatua kwa hatua hadi mwisho wa 2021.

Habari za bei hizo zilikuwa na gharama yake. Mmoja wa waliozikusanya kwa miaka mingi alikuwa Esmond Bradley Martin, ambaye wazee wa Pwani huenda wanamkumbuka kwa maandishi yake juu ya majahazi na historia ya Malindi. Februari 2018 alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Nairobi. Miezi michache nyuma, Agosti 2017, Wayne Lotter aliyekuwa akipambana na mitandao ya majangili Tanzania alipigwa risasi Dar es Salaam.

Kwa pamoja, sheria, askari wa porini, mbwa wa kunusa waliowekwa bandarini na viwanja vya ndege, na kufungwa kwa masoko, vimezaa matunda. Kutoka ndovu 384 waliouawa 2012, Kenya ilihesabu 11 mwaka 2020. Sensa ya 2021 ilikuta ndovu 36,280 nchini, na sehemu kubwa zaidi, karibu 15,000, wako katika eneo la Tsavo.

Mwenye shamba naye ahesabiwe

Takwimu hizo nzuri zina upande wa pili, na wa Kwale, Taita Taveta na Tana River wanaujua. Ndovu wakiongezeka na mashamba yakiongezeka, hukutana. Mkulima aliyelala na mahindi yaliyokomaa akaamka na shamba tupu hawezi kuimba nyimbo za uhifadhi. Mtu huyo akipita mgeni na kumuuliza ndovu wanapita wapi usiku, kwa nini asiseme?

Sheria ya 2013 iliahidi fidia: shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Malalamiko ya familia kungoja kwa miaka ni ya kawaida mno hata hayashangazi tena. Fidia inayochelewa ni zawadi kwa jangili. Mwenye uchungu na ndovu hamfichui anayemwinda.

Kuna mifano ya kujifunza hapahapa. Mwaka 1995 wenye mashamba wa Mwaluganje, kando ya Shimba Hills, walikubali kutenga ardhi yao kuwa njia na makao ya ndovu, na kugawana kinachoingizwa na watalii. Haikuwa rahisi, na pesa hazikuwa nyingi kila mwaka, lakini ardhi ilibaki yao na ndovu wakawa na faida. Kule Sagalla karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya. Ndovu akigusa waya, nyuki hutoka, naye humwogopa nyuki kuliko tochi na debe. Mkulima hupata mahindi na asali. Na mwaka 2022 ukame uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, idadi kubwa mara nyingi kuliko waliouawa na majangili, ishara kwamba maji na malisho sasa ni vita vyenyewe.

Sehemu yetu

Watu wa Pwani hatuna bunduki za kulinda Tsavo, wala hatuna kura China. Tuna bandari. Na biashara hii, pamoja na ukubwa wake wote, haiwezi kupita bandarini bila watu wa kawaida kuisaidia kwa mambo madogo. Kuna anayeazima jina lake kufungulia kampuni. Kuna anayepangisha godauni kwa pesa taslimu bila kumwuliza mpangaji kitambulisho. Kuna wakala anayetia sahihi hati ya mzigo ambao hajauona. Kuna kijana wa lori anayeambiwa asubiri nje mpaka kontena lifungwe, akalipwa mara tatu ya kawaida, asiulize.

Vijana wetu wanaofanya kazi za kliarensi na usafirishaji wajue hili: jina lako likiwa kwenye hati, wewe ndiye utakayesimama kizimbani, si aliyekutuma. Hatakuja hata kukuwekea dhamana. Mwenye godauni naye ajue kwamba mali itakayokutwa ndani itamhusu kabla ya kumhusu mtu mwingine. Kudai kuona mzigo kabla ya kusaini si ukorofi, ni kujilinda.

Upande wa serikali, tuna haki ya kudai mambo matatu. Kesi za mizigo mikubwa zisikilizwe na ziishe, si kuahirishwa mpaka mashahidi wachoke au vielelezo vipotee. Anayetoa habari alindwe kweli. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, lakini mpakizi wa Kilindini anayejua kitu bado anaogopa, na ana sababu. Na fidia ya waliopoteza watu wao kwa ndovu ilipwe kwa wakati, kwa sababu huwezi kumwomba mtu awe jicho lako huku unamdharau.

Ndovu hubeba mimba miezi 22 na huzaa mtoto mmoja. Tani 2 zilizokutwa kwenye yadi ile mwaka 2014 ni ndovu zaidi ya mia moja. Zilipita barabara zetu, zikaingia mtaani kwetu, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa akabaki na hatia kwa ajili yake. Siku nyingine mtu akisema barazani kwamba hayo ni mambo ya Tsavo, muulizeni zilifikaje mjini.